Kila Krismasi mimi ndiye mchinjaji wa mtaa mzima, sasa nimepata kazi Sharjah. Waislamu wenzangu wa Uganda na majirani zetu, njooni tuongee

#1 KisuKikali (mwanzisha uzi)

Wadau asalaam aleikum, na nyie ambao si Waislamu habari za huko. Huu uzi nimeuwaza siku nyingi ila bucha haikupi nafasi, leo mvua imepiga tangu alfajiri hakuna mteja hata wa robo kilo nikasema wacha niandike.

Bucha yangu iko Kyaliwajjala, njia ile ya kwenda Namugongo. Asili yetu Arua, mzee alikuja Kampala na kazi ya udereva, mimi nikazaliwa huku. Kiswahili nimekikuta nyumbani, Kiganda nimekikuta mtaani. Kichochoro chetu ukihesabu mageti yanafika kama kumi na tano hivi, Waislamu tuko nyumba tatu: mimi, kijana mmoja wa boda ambaye halali nyumbani, na bibi mmoja mjane tunamwita Hajjat.

Sasa kila tarehe 25 Desemba saa kumi na mbili asubuhi, chai yenyewe sijamaliza, mtoto wa Nalongo (mama pacha, jirani yangu, mumewe tunamwita Salongo) anagonga geti: "Hajji, maama anakuita." Mimi Makka sijafika bana! Hata uwanja wa Entebbe nimefika mara mbili tu kusindikiza watu, lakini hapa Kampala ukishavaa kofia na una kisu wewe ni Hajji, usibishane. Natoka na kisu nimekiviringisha kwenye gazeti. Kwa Nalongo kuku wanne wamefungwa miguu wako chini ya mwembe, namkanyaga mmoja mabawa asijipigepige, namgeuza, Bismillahi Allahu Akbar, namwacha atulie mwenyewe, nachukua wa pili. Nikimaliza hapo kuna mwalimu mstaafu, kuna nyumba ya askari, kuna wale wa ghorofa ambao mwaka mzima hawanisalimii ila siku hiyo mimi ni ndugu yao. Inafika saa nne nimeshamaliza kuku kama thelathini na mbuzi wawili na mimi siku hiyo sina sherehe yoyote.

Siku moja nikamuuliza Nalongo, wewe Mkatoliki wa kila Jumapili, Salongo ana mikono miwili mizima, mbona mnanisumbua? Akaniangalia kama nimeuliza upumbavu. "Sasa wakwe zangu wa Iganga wakija watakula nini?" Mdogo wake ameolewa Busoga kwa Waislamu. Salongo akichinja yeye basi nusu ya ukumbi watakula matoke na mchuzi wa karanga. Malipo yangu ni elfu mbili, au sahani ya luwombo, kitoweo kilichopikwa ndani ya jani la ndizi, imefunikwa na jani lake, ila firigisi usiulize, hiyo ni ya Salongo na ukiigusa mtaachana na familia nzima.

Halafu kuna upande wa pili wa kisu hiki hiki. Idi ya kuchinja inapokuja, mashirika ya nje yananunua ng'ombe huku, wanatafuta wachinjaji, mimi wananiita kila mwaka. Ng'ombe mmoja watu saba. Kijana wa shirika anakuja na karatasi imeandikwa majina saba saba, mengi ya Uturuki, mengine ya Uingereza lakini ya Kipakistani, anasimama na simu anarekodi na mimi lazima nisome kila jina kabla ya kushusha kisu kwa sababu mwenye pesa kule anataka asikie jina lake. Wadau ulimi unapinda! Kuna jina moja lilikuwa na herufi ina mkia chini na nyingine ina nukta mbili juu, nikalisoma mara tatu, ng'ombe ameshalazwa anapumua pale chini ananitazama, kijana anasema "rudia Hajji haijasikika vizuri". Nyama yenyewe inakatwa inagawiwa kwa mifuko na wanaopokea si Waislamu peke yao, foleni ile ina kila mtu.

Sasa shida yangu. Shemeji yangu yuko Sharjah miaka sita, amenitafutia kazi kwenye kampuni ya nyama. Viza iko njiani. Nimemwambia Nalongo, jibu lake la kwanza wala halikuwa safari njema, aliuliza "na Krismasi?"

Nishaurini. Na hata kama huna ushauri niambie, wewe Mwislamu wa Uganda, maisha yako hapo mtaani yakoje na hiyo dunia ya nje inakugusa wapi.

#2 Binti_wa_Bombo

Waleykum salaam kaka. Umenichekesha na hiyo Hajji ya bure, baba yangu alienda kweli na watu bado wanamwita Afande.

Sisi Wanubi wa Bombo hatukuletwa na biashara wala mashehe, tuliletwa na bunduki. Lugard, yule afisa Mwingereza, 1891 alienda akawachukua babu zetu kule karibu na Ziwa Albert, askari wa Sudan walioachwa na Emin Pasha aliyekuwa gavana wa Misri huko kusini mwa Sudan, akaja nao huku pamoja na wake zao na watoto na watu wao wote. Wamekaa kwenye ngome za Waingereza, na wengine jeshi likawapeleka mpaka Kenya, ndiyo maana leo nikienda Nairobi silali hoteli, nalala Kibera kwa shangazi na tunaongea Kinubi kile kile, ukimtoa kwenye Kinubi anahamia Kiswahili cha Nairobi mimi nabaki naokota maneno.

Watu wanadhani Kinubi ni Kiarabu. Nimefanya kazi miaka miwili na Waarabu wa Misri hapa Kampala, siku ya kwanza nikajitia kuongea nao, wakacheka mpaka wakaketi chini. Wakaniambia unaongea kama mtoto mchanga. Nikaenda nyumbani nimenuna, bibi yangu akasema hao ndio hawajui kuongea.

Harusi zetu ukija utaona wanawake tumevaa gurbaba, vazi letu la Kinubi, na kisra, ule mkate mwembamba, iko kwenye sinia, Mganda Mwislamu aliyealikwa anashangaa kama Mkristo tu. Ndiyo nasema "Waislamu wa Uganda" si watu wa aina moja hata kidogo.

Kuhusu Sharjah mimi sina neno, hapo umenishinda.

#3 Kikuubo_Jumla

Mchinjaji nakujua wewe, nimenunua mulokoni (miguu ya ng'ombe) kwako hahaha.

Mnajua kwa nini ukienda bucha kumi Kampala unakuta Waislamu ndio wengi? Na madereva wa zamani, na sisi wa maduka? Wengine wanasema ni dini. Hapana. Ni shule. Shule nzuri zilikuwa za wamisionari, na kuingia huko mtoto wa Kiislamu ilibidi abatizwe au mzee wake amzuie. Mzee wangu alizuiwa. Alisoma Qurani mpaka akahitimu halafu akashika baiskeli akauza ndizi, halafu ngozi za ng'ombe, halafu duka. Rafiki yake wa utotoni alikubali kuingia shule, akapewa jina la Petero, akawa karani serikalini na siku za Idi anakuja kwetu kwa siri anakula pilau nyuma ya nyumba. Alikufa akazikwa na padri, mzee wangu akasimama pembeni ya kaburi anasoma Fatiha kimya kimya.

Ndiyo maana Mwanamfalme Badru Kakungulu wa ukoo wa kifalme wa Buganda alipotoa ardhi ya Kibuli ikajengwa shule na msikiti watu wazima walilia. Leo ukisema Kibuli mtu anafikiria hospitali na shule, lakini pale palikuwa ni sisi kusema na sisi tunaweza kusoma bila kubadilisha jina.

Mimi kwangu dunia ni Dubai na Guangzhou. Guangzhou Ijumaa nimesali msikiti mmoja na Mchina, Mmali, Mpakistani na Mganda mwenzangu wa soko la Owino ambaye hapa Kampala ananidai. Tumetoa salaam kulia kushoto namkuta yuko bega langu la kushoto!! Nililipa pale pale.

Nenda Sharjah. Krismasi watapata mtu.

#4 Katekista_Mstaafu

Mimi ni Mkatoliki na nasoma sana humu bila kuandika, leo nimeguswa. Jirani yangu aliyekuwa akituchinjia alihama 2019 na hadi leo hatujapata wa kumrithi, tunabeba kuku kwenye boda hadi sokoni. Kwa hiyo Nalongo ana haki ya kuuliza.

Halafu ndugu yangu uko njia ya Namugongo, tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wetu wanapita mbele ya bucha yako, sijui mnawaonaje.

#5 KisuKikali (mwanzisha uzi)

Mzee wangu Katekista asante. Juni 3 ndiyo siku yangu nzuri kuliko Idi, nisidanganye! Wanatoka Rwanda, Kenya, Tanzania, kuna wanaotembea kwa miguu wiki mbili, wamevimba visigino, nawapa maji na benchi la kukaa, usiku nachoma nyama mpaka mkaa unaisha.

Lakini ngoja nikwambie kitu wengi hawakijui na mimi nilikijua nimeshakuwa na ndevu. Namugongo kabla ya mashahidi wenu walichomwa wa kwetu. Kama miaka kumi hivi kabla yao, 1876. Na sababu moja kubwa ilikuwa nyama!

Kabaka (mfalme wa Buganda) Muteesa wa kwanza alikuwa ameupenda Uislamu, baba yake Suuna ndiye alimpokea Ahmed bin Ibrahim yule mfanyabiashara aliyetoka Zanzibar 1844, Muteesa mwenyewe akafunga Ramadhani karibu miaka kumi, akaamuru watu wafunge, akajenga msikiti kwenye lubiri, yaani ikulu yake. Ila kutahiriwa hapana, mila ya Buganda Kabaka hamwagi damu yake. Wakaja wageni kutoka upande wa Misri na Sudan wakawaambia vijana wa ikulu huyu hajatahiriwa hawezi kuwasalisha, na nyama ya wachinjaji wake msiile. Vijana wakashika. Wakakataa kusali nyuma yake na wakakataa nyama ya mezani kwake. Kabaka akaona hawa wana bwana mwingine. Kama sabini wakachomwa.

Mimi ninapomsubiri kuku wa Nalongo atulie huwa nawakumbuka wale vijana. Mgeni alileta fatwa akarudi kwao, moto uliwashwa huku.

#6 Ustadhi_Nateete

Kaka umesimulia vizuri ila nataka kuongeza la kielimu. Suratul Maida aya ya 5 inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu. Kwa hiyo Salongo akichinja sawasawa, damu ikatoka, hakutaja jina la asiye Mungu, wapo wanazuoni wengi wanasema kula. Desturi ya Uganda kwamba lazima Mwislamu achinje ni zaidi ya desturi kuliko sheria. Hii ndiyo shida yetu, tunabeba mambo bila kuuliza.

#7 Kondakta_wa_Kawempe

Ustadhi umeanza. Babu zetu Kawempe na Kibuli waligombana miaka na miaka kwa sababu ya kusali adhuhuri baada ya Ijumaa au kutosali, Juma Zukuli, ndugu hawazikani, sasa wewe unaleta ya kuku. Waulize wakwe wa Nalongo wa Iganga kama watakula cha Salongo. HAWATAKULA. Aya utawasomea wewe.

#8 Ustadhi_Nateete

Nimesema elimu, sijasema ugomvi.

#9 Mlokole_Mpole

Naomba niingie kwa heshima. Kwetu kanisani pastor ametuambia tusile kilichotajiwa jina kwa ibada ya wengine, kwa hiyo mimi natafuta bucha ya ndugu katika Bwana. Sina chuki na mtu ila mbona siku zote sisi ndio tunalegeza ili nyie mle? Mbona hamji kula cha kwetu?

#10 Binti_wa_Bombo

Mlokole swali lako ni zuri na hakuna anayekujibu vizuri kwa sababu jibu linauma. Sisi tuko kama asilimia 13.7 kwa sensa ya 2014 (najua kuna watakaokuja hapa kusema tuko zaidi, kila sensa tunasema tuko zaidi, tuliache). Mtu mchache anashika vitu vichache kwa nguvu sana. Mimi nikiacha nyama na nikiacha kitambaa sijui mwanangu atajuaje yeye ni nani. Labda ni udhaifu. Ila mbona nyie kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulishana kwa wazazi wa bibi harusi, bwana harusi wenu Mlokole anavaa kanzu ndefu hadi kwenye vifundo na koti juu? Hilo vazi lilikuja na Waarabu na Waswahili na hakuna aliyekemea shetani. Wakati mwingine vitu vinahama taratibu bila mtu kulegeza chochote.

#11 Mlokole_Mpole

Hilo la kanzu limenipata hahaha. Nimeoa na kanzu mbili.

#12 Kadama_Riyadh

Naandika usiku huu watoto wa watu wamelala. Niko Riyadh mwaka wa tatu, kazi za ndani. Natoka Mayuge.

KisuKikali umesema dunia ya nje. Mimi nilidhani nikifika nchi ya Mtume nitakuwa nyumbani. Mama mwenye nyumba siku ya kwanza ameniona najifunga kitambaa akasema usijisumbue humu ndani, akadhani navaa kwa ajili yao. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akasema Uganda? Akamwita mama yake mzazi, wakaniketisha jikoni wakaniambia soma Fatiha. Nikasoma. Nimesoma kwa sauti ile ya madrasa ya kwetu unavuta kama unaimba, mzee yule akaanza kulia. Tangu siku hiyo ananiita binti yangu, ila saa za kazi hazikupungua hata dakika, muelewe. Idi ya kwanza niliosha sufuria mpaka saa nane usiku, sala ya Idi niliisikia kwenye televisheni na mikono iko kwenye povu. Kwetu siku ya Idi hata Mkristo anapumzika maana serikali imeifanya sikukuu, huku nimekuja kuikosa.

Mazuri yapo. Nimefanya umra, nimepanda basi na Wafilipino na Wakenya, tulipoiona Kaaba mimi nilisahau dua zote nikaanza kutaja majina ya watu wa kijijini mmoja mmoja mpaka yule jirani aliyemuua mbuzi wetu. Pesa natuma kwa simu kila mwezi, nimemjengea mama nyumba ya vyumba vitatu, mabati yamefika wiki iliyopita.

Mabaya: ejensi iliyonileta ilikaa na paspoti yangu na ikanikata miezi miwili ambayo haiko kwenye mkataba. Sitaji jina. Kaka kabla hujapanda ndege soma mkataba wa Kiarabu na wa Kiingereza uone kama vinasema kitu kimoja, piga picha kila ukurasa, mwachie mtu nyumbani. Mshahara uliotajwa na shemeji si lazima ndio ulioandikwa.

#13 Kikuubo_Jumla

Dada Mungu akulinde. Hiyo ya kutaja majina Kaaba imenitoa machozi dukani, mteja ananiuliza vipi nasema ni vumbi la mabox.

#14 Aliyetoka_Khartoum

Mimi nilipata nafasi ya kusoma Khartoum, chuo ambacho vijana wengi wa Kiislamu wa Afrika huenda. Kwetu njia ni hizo, Madina, Azhar, Khartoum, Malaysia na siku hizi Uturuki, au unabaki Mbale. Vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023 ilikuwa Ramadhani, mwisho mwisho. Tulikuwa tunafuturu kwa maji ya bomba na tende na milio nje. Tukatolewa kwa mabasi mpaka Ethiopia ndiyo tukapata ndege ya nyumbani. Nilibeba begi moja na msahafu, vyeti vyote viliachwa kule na nadhani vimeungua.

Nimefika nyumbani nikaenda Mbale kuomba kuendelea. Islamic University ilianza 1988 na wanafunzi 80 tu, mpango wa zile nchi za Kiislamu zilizokutana Lahore 1974, leo Wakristo nao wanasoma pale na chumba changu nilikaa na Mkatoliki kutoka Soroti aliyeniamsha daku kila siku kwa sababu mimi nalala kama gogo. Eti alarm yake ilikuwa wimbo wa kwaya.

Kwa hiyo kaka, ukienda nje acha kitu nyumbani cha kurudia. Ndiyo ushauri wangu.

#15 Maji_ya_Mayuge

Kadama mimi pia ni wa Mayuge! Kijijini kwetu kuna kisima cha pampu kina kibao cha marumaru, Kiarabu juu Kiingereza chini, kimejengwa kwa thawabu za mama fulani marehemu wa Kuwait. Huyo mama hajawahi kukanyaga Busoga lakini wanawake wetu wanasema "naenda kwa Kuwait" maana yake anaenda kuchota maji. Kuna mtoto alizaliwa njiani mama yake akitoka huko, jina lake la utani Kuwait, yuko darasa la nne.

Pampu iliharibika mwaka juzi. Tukapiga namba iliyo kwenye kibao, haipatikani. Tukachangishana, Waislamu na Wakristo na yule mzee mwenye baa ambaye alitoa nyingi kuliko sisi wote, ikatengenezwa.

#16 Mkosoaji_256

Sasa nyie wote mnafurahia. Mimi naona tumegeuzwa omba omba wa dunia. Kila mtu anakuja na kisima, msikiti na nyama ya Idi, nani amekuja na kiwanda? Angalieni msikiti wa Old Kampala. Amin aliuanzisha 1972, akaanguka 1979 ukakaa gofu miaka na miaka mnara umeinama watu wanaogopa kupita chini, mpaka Gaddafi alipoumaliza. Gaddafi akauawa 2011, jina likabadilishwa ukawa Msikiti wa Taifa. Je kama Libya isingekuja tungekuwa bado tunatazama gofu? Na viongozi wetu wenyewe, Old Kampala wana mufti wao Kibuli wana wao, kuna mwaka mimi nimefunga na mke wangu anasherehekea Idi nyumba moja.

#17 Kondakta_wa_Kawempe

Ila abiria wote mpaka leo wanasema "nishushe kwa Gaddafi". Hakuna hata mmoja ameniambia nishushe Msikiti wa Taifa.

Halafu Mkosoaji jua na hili, ule mlima ndipo Lugard alipojenga ngome yake. Leo watalii wanalipa wanapanda mnara wanapiga picha, wazungu wanafungwa leso kiunoni. Hiyo pesa ni ya nani? Ni yetu. Tuwe tunahesabu na ya kwetu.

Mimi kinachoniuma ni kingine. Baada ya yale mabomu ya 11 Julai 2010, watu wakiangalia fainali ya kombe la dunia, na tena Novemba 2021, ndevu zangu zikawa tatizo. Mimi ni kondakta wa gari langu mwenyewe na abiria ananiuliza nimebeba nini kwenye begi. Ni chapati ssebo. Nikafungua nikamwonyesha. Akashuka stejini inayofuata hata hivyo, na nauli nikamrudishia nusu.

#18 Katekista_Mstaafu

Huyo aliyeshuka angekuwa amekuja mazishini kwetu. Alipofariki mke wangu kijana wa bucha na wenzake walichinja ng'ombe wawili usiku wa manane bila kuchukua senti, na asubuhi walikaa nje ya kanisa kwenye jua hadi misa imeisha.

#19 Somali_Kisenyi

Mimi ni Msomali nimezaliwa Kisenyi, nasoma tu nacheka. Kwenu mnaniita mgeni, kwetu Mogadishu nikienda wananiita Mganda kwa sababu nakula matoke na canjeero (mkate wetu wa Kisomali) sahani moja. KisuKikali Sharjah iko joto, Julai huwezi kusimama nje. Lakini wasapu wa familia yetu una watu Minneapolis, London, Nairobi, Kisenyi, wote tunatazama mwezi kwa simu kila Ramadhani na tunagombana nani ameuona. Utazoea.

#20 KisuKikali (mwanzisha uzi)

Wadau nimerudi baada ya siku tisa. Viza imetoka, naondoka baada ya wiki tatu. Dada wa Riyadh nimefanya ulivyosema, mikataba miwili HAIKUFANANA, wa Kiarabu ulikuwa na siku moja ya mapumziko kwa wiki mbili, ustadhi wa msikitini ndiye alinisomea, shemeji amepiga simu kule wamerekebisha. Nakuombea umri mrefu.

Ustadhi wa Nateete, ile aya niliipeleka kwa Nalongo nikamwambia Salongo anaweza kuchinja, wapo wanazuoni wamekubali. Akapiga simu Iganga mbele yangu, akaweka sauti ya nje. Mkwe akasikiliza mpaka mwisho akasema "aya tumeisikia, tutakuja na kuku wetu wameshachinjwa." Kondakta umeshinda.

Nalongo akaleta wazo eti nimfundishe mtoto wake mkubwa. Nikamwambia huyo anatumikia misa, anavaa joho jekundu Jumapili, tukarudi pale pale. Kijana wa boda nikamuuliza, anaogopa damu, kumbe miaka yote hiyo anajificha!

Basi juzi jioni nafunga bucha, nimeshaosha gogo, akaja Hajjat wa nyumba ya tatu. Huyu mama ana miaka sabini na kitu, Makka amefika kweli, anatembea na fimbo. Akaniuliza, nani alikwambia mwanamke hachinji? Nikanyamaza. Akasema alichinja kuku wa nyumbani kwao Butambala tangu ana miaka kumi na mbili, baba yake alikuwa safarini na biashara, hakuna mwanamume pale, na shehe wa kijiji alikula. Nikampigia ustadhi hapo hapo, akasema inafaa bila shaka yoyote. Hajjat hata hakusubiri nimalize kuongea na simu, alishachukua kisu changu kidogo kwenye ndoano, akakipitisha kwenye kucha ya dole gumba, akasikiliza.

"Hiki butu," akasema. "Ninunulie kingine kabla hujaenda, na umwambie Nalongo mbuzi sichinji, mgongo wangu hauwezi. Kuku tu. Na firigisi moja ni yangu."

#21 Mlokole_Mpole

Salongo ameshaambiwa?

#22 KisuKikali (mwanzisha uzi)

Bado. Mimi nitakuwa Sharjah.